Bei za nyumba mpya za kujitegemea mnazifuatiliaje? Daftari langu linasema hivi, dalali anasema vile

MamaMapacha_Tegeta

Habari za jioni wapendwa, wakubwa zangu shikamooni. Naomba msaada wa mawazo maana hapa nilipo kichwa kimejaa.

Mimi na mume wangu tumepanga Tegeta hapa Dar mwaka wa saba huu, tuna mapacha wanaanza la kwanza, na tumekubaliana safari hii hatujengi, tunanunua nyumba iliyokwisha, mpya, ya kujitegemea, fensi yake geti lake, sio apatimenti na sio ya kugawana uwanja na mtu. Kujenga tulishajaribu tukaishia kwenye msingi, hela ya fundi ililiwa na mtu tuliyemwamini, kiwanja tukauza kumalizia madeni, iyo habari nisiirudie inaniuma.

Sasa toka Januari mwaka jana naandika kwenye daftari kila tangazo la nyumba mpya ninaloliona la Madale, Goba, Mivumoni, Bunju, Mabwepande na ng'ambo kule Kibada. Naandika tarehe, eneo, vyumba, bei na namba ya dalali. Miezi 16 yamefika matangazo 112. Juzi watoto wamelala nikakaa na kalkuleta nikapiga wastani: miezi mitatu ya mwanzo milioni 148, miezi mitatu ya mwisho milioni 171. Wakuu nilihisi mikono inakufa ganzi. Sisi tunaweka milioni moja na laki mbili kwa mwezi tukijibana kweli kweli, kwa mwaka haifiki hata 15, na nyumba imepanda milioni 23, yani nyumba inatukimbia na sisi tunaifuata kwa miguu.

Lakini kuna kitu hakiniingii akilini. Kuna nyumba Madale ina geti jeusi lenye simba wawili wa rangi ya dhahabu, siwezi kuisahau. Mwezi wa sita mwaka jana niliiona kwa milioni 185, mwezi wa nane dalali mwingine akaweka 198, mwezi wa pili mwaka huu mwingine tena kaweka 170 "mazungumzo yapo". Nyumba ni ileile, simba ni walewale. Sasa hapo bei imepanda au imeshuka? Na dalali wangu kila nikipiga simu ananiambia dada wahi, bei zinapanda kila siku, chukua hata mkopo.

Nauliza mnaofuatilia haya mambo mnaandikaje mpaka mnajua bei imepanda kweli? Mume wangu anataka tukope mwezi huu huu, mimi nasita.

Mzee_wa_Kibamba

Marahaba binti yangu. Pole kwa yaliyowakuta kwenye ule msingi. Mimi ningesema jengeni taratibu lakini kama mmeshaumia sitawasukuma. Nikuambie moja tu, usikope kwa kuogopa. Riba ya mkopo wa nyumba hapa kwetu mara nyingi ni 13% mpaka 19% kwa mwaka, sasa chukua milioni 100 kwa 15 uone mwaka wa kwanza riba peke yake ni ngapi, karibu milioni 15. Kabla hujakimbia hakikisha hiyo nyumba inakimbia kweli.

Dalali_Mstaafu

Dada yangu nimefanya udalali Goba na Madale miaka tisa, nimeacha, sasa nina duka la vifaa, kwa iyo naongea bila kuficha maana sina cha kupoteza.

Kwanza ujue 112 yako sio nyumba 112. Mwenye nyumba akimaliza kujenga anampigia dalali mmoja, yule anawaambia wenzake, kesho yake picha zilezile ziko kwa watu kumi na kila mtu na bei yake. Hapo ndo kuna kitu tunaita cha juu. Mwenye nyumba anasema mimi nataka 150 yangu mkononi, mwingine anaweka 158, mwingine 165, mwingine kwa sababu kaona mteja ana gari zuri anasema 180. Sasa wewe ukiandika yote matatu kwenye daftari umeandika tamaa za madalali watatu, bei ya nyumba hujaiandika bado. Simba wako wa dhahabu ndo hao. 185, 198, 170, inawezekana kabisa mwenye nyumba toka siku ya kwanza anataka 160 na hajabadilisha hata shilingi, au kaanza na 175 kashuka kwa sababu imekaa miezi minane hajapata mtu.

Cha kufanya, rudi kwenye daftari na picha kama ulizitunza (natumaini ulipiga skrinshoti), angalia geti, nguzo za baraza, rangi ya bati, mpangilio wa peving, ile tenki la maji limekaa wapi. Nyumba mpya za huku zinafanana sana sura kwa sababu mafundi ni walewale na ramani zinazunguka WhatsApp, lakini geti na nguzo kila mtu anachagua zake. Unganisha matangazo ya nyumba moja yawe mstari mmoja. Utashangaa zinabaki chache.

Pili, andika tarehe ya kwanza uliyoiona na tarehe ya mwisho. Nyumba ikitangazwa wiki tatu ikapotea iyo imeuzwa karibu na bei waliyoitaja. Nyumba ikikaa miezi nane inarudi rudi, iyo bei yake haipo sokoni, ipo mdomoni. Mimi nilikuwa naangalia sana hiki kitu kuliko bei yenyewe, ukiona nyumba zinakaa muda mrefu kuliko mwaka uliopita ujue bei zinashuka hata kama kila tangazo linasema zimepanda, maana huku mtu hatangazi kushuka, anashuka mezani.

Tatu, piga simu baada ya kupotea. Sio kwa dalali, mtafute jirani au mlinzi au mjumbe, uliza ile nyumba imekwenda? Imekwenda ngapi? Ukiuliza kwa adabu watu wanasema. Bei ya kwenye mkataba usiitegemee sana, kuna watu wanaandika pungufu kukwepa kodi, na ni makosa, lakini ndo hali ilivyo, kwa iyo hata makaratasi ya kiofisi hayakupi picha kamili.

Kontrakta_Mivumoni

Nimeisoma hii nikaona niongeze upande wa ujenzi maana mimi nazijenga hizi nyumba, nimejenga za kuuza kama kumi na mbili hivi, zangu na za watu.

Bei unayoiona ina vitu viwili ndani yake, kiwanja na jengo, na hivi viwili haviendi pamoja. Wewe umeandika vyumba na bei tu, hujaandika ukubwa wa kiwanja. Nikupe mfano wa kwangu mwenyewe. Nyumba ya kwanza niliyouza eneo la huku ilikuwa kwenye 600 sqm (mita za mraba), vyumba vitatu kimoja masta, sebule, dining, jiko, stoo, choo cha wageni, nikauza 150. Ya juzi ramani ileile, fundi yuleyule, nimeuza 150 vilevile, lakini kiwanja ni 420. Mtu wa nje anasema bei haijabadilika. Lakini ardhi pale nilinunua kwa elfu 50 kwa sqm, zile 180 zilizopungua ni milioni 9. Yani mteja wa pili kalipa ileile akapata uwanja mdogo, hapo bei imepanda kimya kimya. Na ndo tunavyofanya wengi, kiwanja kimoja kikubwa kinakatwa mara mbili, wakati mwingine mara tatu. Vyumba havipungui, uwanja wa watoto kucheza ndo unapungua.

Jengo nalo hivyo hivyo. Mwishoni mwa 2020 saruji iliadimika ikapanda mpaka serikali ikaingilia kati, halafu 2022 na vita ya Ukraine nondo na mafuta vikapanda. Nyumba inachukua miezi kama kumi mpaka kumi na nne kumalizika, kwa iyo vifaa vikipanda leo wewe mnunuzi unakutana navyo mwakani. Ukitaka kujua bei zinaelekea wapi uliza bei ya mfuko wa saruji, nondo ya mm 12 na bati la geji 28 kila mwezi dukani (Dalali_Mstaafu hapo juu ana duka, atakusaidia), andika ukurasa mwingine wa daftari. Baraza la Taifa la Ujenzi nalo lina indeksi za bei za vifaa (vipimo vya bei zilivyopanda au kushuka) ambazo sisi makontrakta tunatumia kwenye mikataba ya muda mrefu, ila kwa mnunuzi wa kawaida bei ya dukani inatosha.

Sasa sehemu inayoniuma. Wakati vifaa vimepanda na wateja hawana hela, kuna wajenzi hawapandishi bei, wanapunguza nyumba. Mfuko mmoja wa saruji ukifyatua tofali 28, 30 za inchi sita unapata tofali la kueleweka. Wapo wanafyatua 45, wapo 50. Ukilishika kona linamomonyoka kama andazi kavu. Halafu linapigwa plasta, skiming, rangi nzuri nyeupe, taa za jipsamu zinawaka bluu, picha inapendeza, bei milioni 135, wewe unaandika kwenye daftari "bei imeshuka". Haijashuka dada. Umeuziwa nyumba nyingine. Ukienda kuangalia chukua sarafu ya mia mbili, gonga tailizi moja moja kwenye kona za sebule, ikilia kama debe tupu chini hakuna mota ya saruji. Angalia nyuma ya nyumba ambako hawakupiga plasta vizuri, angalia ndani ya chemba ya maji machafu. Chukua dakika mbili ukwaruze tofali la fensi na ufunguo, mara nyingi fensi na nyumba tofali ni za fungu moja.

Kwa iyo kwenye daftari ongeza safu hizi: kiwanja sqm, hati ya wizara ya ardhi au ni mkataba wa serikali ya mtaa, umbali mpaka lami, maji ya dawasa au kisima, na finishing (umaliziaji) utoe maksi mwenyewe kati ya 1 na 5. Bila hizi unalinganisha mbuzi na ng'ombe.

Kitengela_Finest

Hujambo dada wa Bongo, mimi ni wa upande wa Kenya, Kitengela. Huku tuna indeksi, chama cha mabenki kinatoa yao toka 2015, na kuna ya kampuni moja ya mali isiyohamishika ambayo iko miaka mingi zaidi. Ni kitu kizuri na mimi huzisoma, lakini nikuambie usione kama tumefika. Ile ya mabenki inatokana na nyumba zilizopita kwa mikopo ya benki, na nyingi humo ni apatimenti, banglo na mesoneti ni chache. So ukisikia kwa redio bei za nyumba zimepanda asilimia fulani, hiyo ni fleti za Nairobi ndizo zinaongea. Nyumba yako ya kujitegemea iko na hadithi yake.

Chenye nimejifunza huku ni mambo ya fez, yaani awamu za mradi. Jamaa anajenga mesoneti 40 kwa geti moja, fez ya kwanza anauza milioni 9.5 za Kenya, fez ya pili anatangaza 10.8, halafu anaambia kila mtu waliowahi wameshapata faida. Hiyo 10.8 ni yeye ameiweka, hakuna mtu amelipa bado. Mimi nilikuwa karibu kuingia kwa moja kama hiyo mwaka juzi na kilichoniokoa ni mamangu, aliniambia nenda usiku. Nikaenda saa mbili usiku nikahesabu taa. Nyumba 40, taa zilikuwa zinawaka 11, na mapazia niliyoona mchana ni kama 14. Fez ya kwanza yenyewe haikuwa imeisha na walikuwa wanapandisha ya pili. Kama unafuatilia nyumba za mradi mmoja hesabu mapazia kila baada ya miezi mitatu uandike, hiyo ni data hakuna mtu anaweza kukudanganya.

Na ploti zinapungua huku pia, kitambo ilikuwa futi 50 kwa 100, saa hii unaonyeshwa 40 kwa 60 na bei ni ileile.

Mtanga_Dallas

Dada pole na hongera, daftari la miezi 16 sio mchezo, watu wengi tunaongea bila kuandika chochote.

Niko Texas, nafanya kazi ya kuingiza data kwenye ofisi ya mikopo kwa iyo haya mambo nayaona kila siku, na nataka nikuelezee kwa nini nyumba MPYA ni ngumu kuifuatilia kuliko nyumba ya zamani hata huku kwenye kompyuta kila mahali. Indeksi maarufu ya huku, ile ya Case-Shiller, inachukua nyumba moja iliyouzwa mara mbili, mfano 2015 na 2022, inalinganisha nyumba na yenyewe. Ni njia safi sana, maana nyumba ni ileile, kiwanja kilekile. Sasa nyumba mpya inauzwa mara ya kwanza, haina bei ya jana. Kwa iyo nyumba mpya hazimo kabisa humo. Ndo maana Census Bureau, ofisi ya takwimu ya Marekani, wana indeksi nyingine ya nyumba mpya peke yake, wanachofanya ni kuuliza, kama nyumba zenye ukubwa huu, vyumba hivi, eneo hili zingeendelea kujengwa vilevile bila kubadilika, bei ingekuwa ngapi. Ndo hicho Kontrakta amekuambia hapo juu kwa maneno ya site.

Wewe huna kompyuta yao lakini unaweza kufanya kitu kinachokaribia. Chagua nyumba moja ya kufikirika, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari: vyumba vitatu kimoja masta, kiwanja 400 mpaka 600, hati ya wizara, lami isizidi kilomita moja, Madale mpaka Goba, finishing 3 au 4. Halafu kila tangazo linaloingia jiulize, hii ni nyumba yangu? Kama sio, liandike nyuma ya daftari. Usilitupe, ila usilichanganye. Na ukipiga hesabu usipige wastani, zipange kutoka ya chini mpaka ya juu uchukue ya katikati, maana jumba moja la Mbezi Beach la milioni 600 linavuruga wastani wa mwezi mzima. Nina uhakika 148 kwenda 171 yako sehemu kubwa ni maeneo, angalia kama mwanzo ulikuwa unaandika Bunju na Mabwepande sana na sasa hivi unaandika Goba sana. Hakuna nyumba iliyopanda, wewe ndo umehama.

Jambo la pili, bei ya kubandikwa na bei ya kweli. 2023 riba huku ilipita 7%, wajenzi wakubwa hawakutaka kushusha bei kwenye mabango kwa sababu ukishusha moja, nyumba zote za mtaa zinashuka thamani na waliokwisha nunua wanapiga kelele. Walichofanya wanakulipia wao gharama za kufunga mauzo, wanailipa benki ili riba yako ishuke, wanakuwekea friji na mapazia. Jirani yangu bango lilisema dola 389,000 na kwenye karatasi kalipa 389,000, lakini ukijumlisha alichopewa ni karibu dola elfu 20. Na Texas bei ya mauzo sio lazima itangazwe hadharani, kwa iyo mtu wa nje anaona 389 mwezi hadi mwezi anasema soko limesimama. Kwenu uliza vivyo hivyo, fensi ya umeme imo? Gharama za kubadilisha hati nani analipa? Kisima kimo? Andika bei baada ya kutoa au kujumlisha hivyo.

Na kama kuna nyumba ziliwahi kutajwa kwa dola, zigeuze kwa rate ya siku ile ile uliyoandika, usitumie ya leo. Dola ilikuwa karibu 2,300 mwanzoni mwa 2023, ikaja kupita 2,700 mwaka uliofuata, halafu ikarudi chini tena. Nyumba inaweza kukaa palepale kwa dola na kwa shilingi ikapanda na kushuka bila mtu kuigusa.

Bi_Mkubwa_Leicester

Mwanangu wa Dallas kaeleza vizuri. Huku Uingereza na Wales kila mauzo yanaandikwa Land Registry, ofisi ya kusajili ardhi, na ya tangu Januari 1995 yako wazi, unaona bei, tarehe, mtaa, na kila mstari una alama ya nyumba mpya au ya zamani, na D ikiwa ya kujitegemea. Mwanangu mkubwa aliponunua tulikaa sote watatu mezani tukasoma mtaa mzima. Lakini hata huku nyumba mpya huchelewa kusajiliwa, takwimu za miezi ya karibuni hurekebishwa baadaye, kwa hiyo usiyumbishwe na mwezi mmoja. Subiri miezi mitatu ijae ndipo useme.

MamaMapacha_Tegeta

Wapendwa nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki mbili, nilikuwa nafanya homuwek mliyonipa.

Nimeanza na geti na nguzo kama alivyosema Dalali_Mstaafu. Skrinshoti ninazo nyingi, zingine nilifuta simu ilipojaa lakini nyingi zipo. Nilikaa na mume wangu Jumapili nzima, yeye anasoma tarehe mimi naangalia mageti, watoto nao wakawa wanatafuta simba. Kutoka 112 zimebaki nyumba 61. Nusu karibu ilikuwa marudio! Nyumba moja ya Goba yenye nguzo za duara ilikuwa mara saba, bei saba, ya chini 140 ya juu 175.

Halafu nikafanya ya Dallas, nikaandika nyumba yangu ya kufikirika ukurasa wa kwanza kama ulivyosema. Kaka umeniona kama ulikuwepo, miezi ya mwanzo Bunju na Mabwepande zilikuwa nyingi sana maana ndo tulikuwa tunafikiria huko, halafu mume wangu akahamishwa ofisi tukaanza kuangalia Goba. Zilizobaki zinazofanana na nyumba yangu ni 6 za mwanzo na 5 za mwisho. Ya katikati mwanzo ni 150, mwisho ni 155. Milioni tano tu! Kama 3% na kitu kwa mwaka na kidogo, na bei za vitu vingine nchini nazo zinapanda kama hivyo hivyo. Ule wastani wangu wa milioni 23 ulininyima usingizi bure, nimeshukuru sana, na mume wangu ameacha mambo ya kukimbilia mkopo, amesema Mzee wa Kibamba apewe salamu, riba milioni 15 kukimbia ongezeko la milioni tano haiingii akilini.

Ila Kontrakta nawe umenipa mawazo. Zile sita za mwanzo nne zilikuwa juu ya 550 sqm, hizi tano za mwisho ni moja tu iliyofika 500, zingine 410, 420, 430. Kwa iyo uwanja umepungua kweli na 150 yangu na 155 yangu sio kitu kimoja. Nimeongeza safu.

Na simba wa dhahabu. Nilienda mwenyewe Alhamisi, sikumpigia dalali yeyote. Mlinzi ni baba mtu mzima, nikamsalimia tukaongea sana, kumbe mwenye nyumba anakaa Mwanza na toka mwaka jana mwezi wa tano anataka 155, hajawahi kusema 198 wala 170, amechoka sasa hivi atachukua hata 145 taslimu. Nilisimama pale nje ya geti nikawaangalia wale simba nikasikia machozi yanakuja, mwaka mzima nimekuwa naiona nyumba ambayo haifikiki kumbe ilikuwa mlangoni.

Kiwanja anasema ni 480. Nikagonga tailizi za barazani kwa sarafu, mbili zinalia debe kwenye kona ya ngazi, zingine ziko imara. Fensi nimeikwaruza na ufunguo, imenitoa unga kidogo. Ndani sijaingia, mlinzi hana ufunguo, mwenye nyumba anamtuma mdogo wake Jumamosi aje kufungua. Nikaangalie nini kingine?

Kontrakta_Mivumoni

Unga kidogo ni kawaida, ukitoka mchanga wenye mabonge ndo uogope. Tailizi mbili za ngazi zinarekebishika, laki na nusu haifiki. Kama hutojali niko Mivumoni, Jumamosi asubuhi nitakuwa site ya jirani, nitapita hapo bure tu niangalie paa na chemba. Ila mwambie mume wako aje na tepu ya mita 50. Hiyo 480 usiipokee kwa mdomo.

Dalali_Mstaafu

Na hati aje nayo huyo mdogo wake, angalau kopi, na ramani ya upimaji. Mkifika anzeni na bikoni nne (alama za mipaka ya kiwanja) kabla hamjafungua mlango, kuna nyumba ya Madale niliwahi kuiuza fensi ilikuwa imeingia kwa jirani mita moja na nusu na tulijua baada ya hela kulipwa. Bikoni ya nyuma mara nyingi inafunikwa na kifusi, mwambie mlinzi aichimbue mapema.